Umehamia chumba cha kupanga Tanga? Anza na maji, deki ije baadaye

Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani, Tanga mjini, zina mpango mmoja: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma uani penye bomba, bafu na choo vya watu wote. Kijana akitoka Lushoto, Handeni au Muheza kuja mjini kusoma au kutafuta kibarua, mara nyingi huangukia nyumba ya namna hiyo. Siku ya kwanza ananunua godoro, ndoo na fagio. Anapiga deki mpaka sakafu inang'aa, anafukiza udi kidogo, anaona kazi imekwisha. Wiki ya pili yuko kwenye benchi la zahanati ameshika tumbo.

Deki haina ubaya. Ila vinavyolaza watu kitandani havikai sakafuni. Vimo kwenye kopo la kuchotea maji, kwenye mkono uliotoka chooni, kwenye wali wa jana na kwenye kifuu kilichojaa maji ya mvua nyuma ya nyumba. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa uzito wa hatari, sikujali mgeni akipiga hodi ataona nini kwanza. Ukiwa na muda mfupi na fedha kidogo, fuata mtiririko huu na uishie pale uwezo utakapoishia.

Kwanza: maji ya kunywa

Maji ya bomba ya Tanga mjini chanzo chake ni Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na husafishwa kabla ya kusambazwa. Shida ya mpangaji kwa kawaida huanzia nyumbani. Bomba likikatika, maji yanachotwa kwa madumu, yanakaa siku kadhaa kwenye pipa lisilo na mfuniko, na kila anayepita anazamisha kopo lake pamoja na vidole vitatu. Hata maji yaliyokuwa salama bombani hayabaki salama hapo.

Tenga maji ya kunywa na maji ya kazi, na vyombo vyake visibadilishane. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, uyaache yaendelee kutokota dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa ndani ya sufuria ileile. Watu wengi huchemsha vizuri halafu wanayamimina kwenye dumu lililokuwa na maji ya bomba, na kazi yote inapotea. Ikiwa mkaa umepanda bei, nunua vidonge vya kutibu maji duka la dawa. Soma kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi, maana havifanani, na usinywe kabla ya nusu saa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, au yaache yatulie uchukue ya juu, kwa kuwa tope hudhoofisha dawa.

Chombo bora ni ndoo yenye mfuniko na koki chini. Hakuna anayeweza kuingiza mkono. Kama una mtungi wa udongo, endelea nao, maji yake matamu na baridi, lakini uwe na kata ya mpini mrefu inayotundikwa ukutani badala ya kulazwa juu ya mfuniko, na kila wiki uusugue kwa brashi na maji ya moto. Ndani ya mtungi hujengeka utando wa utelezi usiouona mpaka upitishe kidole.

Pili: mikono, na kibuyu chirizi cha uani

Huku pwani chooni tunatumia maji. Ni desturi nzuri, mwili unabaki safi kuliko wa anayejipangusa kwa karatasi. Lakini maana yake ni kwamba mkono wa kushoto umegusa kinyesi, na maji matupu yaliyobaki ndani ya kopo hayatoshi kuusafisha. Bila sabuni hujanawa. Kwangu hili ndilo la kulishikilia hata kama mengine yote yatakushinda.

Tena mkono uliotoka chooni unashika kwanza komeo la mlango, halafu koki ya bomba. Ndipo faida ya kibuyu chirizi ilipo: unakifungulia kwa mguu. Kukitengeneza kunachukua chini ya saa moja:

1. Tafuta dumu la lita 3 au 5 lenye mshikio. Lisichukuliwe lililokuwa na dawa ya kuua wadudu wa mimea au mafuta ya taa. La mafuta ya kupikia linafaa likioshwa kwa maji ya moto na sabuni.
2. Pasha msumari moto, utoboe tundu moja dogo upande wa mbele, kama upana wa kiganja chini ya mfuniko. Dogo kabisa. Tundu kubwa litamaliza maji kabla ya adhuhuri, na majirani watakataa kujaza.
3. Chimbia nguzo mbili zenye panda, laza mti juu yake, upitishe kwenye mshikio ili dumu lining'inie na kuinama kwa urahisi.
4. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti kilichoacha nafasi ndogo na ardhi. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika.
5. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu.
6. Chini weka kokoto au vipande vya matofali, pasije pakawa na dimbwi na matope.
7. Sabuni: kata kipande cha sabuni ya mche, kitoboe katikati, kifunge kwa kamba kwenye mti. Katika nyumba ya wapangaji sabuni isiyofungwa hutembea.

Uani ukiwa umesakafiwa na huwezi kuchimbia nguzo, ndoo yenye koki juu ya kigoda itafanya kazi. Tofauti ni kwamba koki nayo iloweshwe na kusafishwa kila unaponawa, kabla ya kuifunga.

Kunawa kwenyewe: lowesha, paka sabuni, sugua viganja, mgongo wa mikono, katikati ya vidole, kidole gumba na chini ya kucha kwa sekunde 20, ndipo usuuze kwa maji yanayotiririka. Lile beseni moja linalozungushwa kabla ya kula, watu sita wakichovya mikono humo, linamgawia wa mwisho uchafu wa watano waliomtangulia. Mwombe mtoto amimine kwa birika, kama walivyofanya wazee. Kisha acha mikono ikauke kwa upepo. Kuifuta kwenye khanga au msuli uliouvaa tangu alfajiri ni kuirudisha ilikotoka.

Nyakati zisizorukwa: baada ya chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kulisha au kunyonyesha, na baada ya kushika samaki au kuku mbichi.

Tatu: choo cha watu wote

Hapa usafi unaingia siasa. Kila mpangaji anaamini yeye ndiye anayesafisha na wengine wanachafua. Njia iliyo rahisi ni zamu iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, pamoja na mchango mdogo wa kila mwezi wa sabuni na dawa. Ukiwa mgeni, usianze kwa kulalamika. Shika zamu yako ya kwanza vizuri, ndipo uzungumze na mama mwenye nyumba, naye atajua namna ya kuwaambia wengine.

Ndoo, brashi na tambara la choo vibaki chooni. Visiingie jikoni wala chumbani hata siku moja. Mwaga maji, sugua kwa sabuni kuanzia ukutani kushuka chini, malizia na tundu lenyewe, suuza. Kisha mwagia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji kama lebo inavyosema, iache dakika kumi. Usichanganye klorini na dawa ya asidi ya kuondolea madoa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na choo chenye dirisha la kiganja hakikupi pa kukimbilia. Hata mkojo uliolala usimwagiwe klorini kabla ya kusuuzwa kwa maji mengi.

Choo cha shimo kiwe na mfuniko, na bomba la hewa liwe na wavu juu. Mbu wa kwenye maji machafu ya mashimo, kuleksi, huzaliana humo kwa wingi, na ndio miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha, ugonjwa ambao mwambao wetu umeubeba miaka mingi. Wavu huo si wa gharama kubwa.

Na kinyesi cha mtoto mchanga ni kinyesi. Watu husema cha mtoto hakina neno. Kina vijidudu vilevile, kitupwe chooni. Pampasi zenyewe zisitupwe shimoni, zitalijaza na kuziba. Zifungwe ziende na taka.

Nne: chakula, hasa kiporo

Anayetoka Usambara ajue hili mapema. Kule milimani usiku ni baridi, chakula cha jioni huamkia salama mara nyingi. Tanga joto la Februari halishuki hata saa nane usiku, na unyevu wa bahari uko juu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali ndio hatari zaidi, na wali wa nazi unawahi kuchacha kwa sababu ya tui. Kuna bakteria ambao mbegu zake hustahimili kupikwa, huamka wali ukiwa vuguvugu, na sumu wanayoiacha haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue. Kama huna friji, pika kinachokwisha. Kilichobaki gawa kwa majirani jioni ileile, kingali kizuri.

Samaki wana habari yao. Ukishuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi kununua vibua au jodari, tazama macho yawe maangavu, mashavu ya ndani mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Samaki wa aina hiyo wakikaa juani saa nyingi hujenga sumu inayoleta uso kuwaka, kichwa kugonga na mwili kuwasha. Sumu hiyo haifi kwa kukaanga, wala ndimu haiiondoi. Bei ya jioni inaposhuka ghafla, jiulize samaki yule ametoka majini saa ngapi, na alikuwa na barafu au hakuwa nayo.

Kisu kilichopara samaki kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Nyanya na matango yaoshwe kwa maji ya kunywa, maana hayapiti motoni. Vyombo vikishaoshwa na kusuuzwa vipange kwenye kichanja vikauke kwa jua. Tambara la kupangusia vyombo, likiwa na unyevu wa tangu juzi, huchafua sahani iliyokwisha kuwa safi.

Wakati wa masika wapangaji wengi huingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya mvua. Pikia ukumbini au barazani, mlango wazi. Usilale na jiko ndani hata kama makaa yamefunikwa na jivu. Mkaa unaofukuta hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala moshi, na anayelala nayo huenda asiamke.

Tano: mwili

Kuoga huku ni mara mbili, asubuhi na jioni, hilo hakuna wa kukufundisha, joto litakufundisha. Kinachosahaulika ni kukauka. Fangasi wa kati ya vidole vya miguu, mapajani na chini ya matiti hupenda unyevu, kwa hiyo jifute vizuri, vaa nguo za ndani za pamba, na uanike taulo nje badala ya nyuma ya mlango. Kila mtu na taulo lake. Wembe pia: mtu mmoja, wembe mmoja, kwa kuwa damu isiyoonekana inabeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Udi, asumini na marashi ni utamaduni mtamu, siutaki ufe. Vije baada ya maji na sabuni. Kuna nyumba zinanukia kama arusi na mashuka hayajafuliwa mwezi mzima.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku ndio muhimu zaidi, kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukiutafuna ncha ikawa laini na kuukata kila siku chache.

Wasichana: pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Ukitumia vitambaa, loweka kwa maji baridi kwanza (ya moto hugandisha damu), fua kwa sabuni, na vianikwe juani. Najua aibu ya kamba ya uani. Weka khanga nyepesi juu yake, jua litapita. Kuvificha uvunguni vikiwa na majimaji ndiko kunakoleta muwasho na harufu. Na kujisafisha chooni kuwe kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, ili vijidudu vya haja kubwa visifike njia ya mkojo.

Sita: sasa chumba

Fungua dirisha kila asubuhi kabla ya kufanya lolote. Kifua kikuu husambaa kwa hewa ya vyumba vilivyofungwa, na mwenye kikohozi cha wiki mbili anapaswa kupima makohozi, huduma ambayo ni bure. Tandua kitanda, anika godoro juani kila ukipata nafasi. Fagia kutoka ndani kwenda mlangoni, nyunyiza maji kidogo vumbi lisipande. Deki iwe na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara. Kwa ndoo moja, ukifika nusu ya chumba unapaka uchafu tu.

Sabuni ya maji, klorini na mafuta ya taa visihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji. Watoto wa nyumba nzima hupita chumbani kwako. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, yataingia mapafuni. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe.

Kisha zunguka nje mara moja kila wiki, siku ileile: vifuu vya nazi, makopo, matairi, sahani za chini ya maua, mfuniko wa pipa. Pindua, mwaga, sugua. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama. Kutoka yai mpaka mbu mzima huchukua kama wiki hadi siku kumi, ndiyo maana ya kufanya kila wiki. Mwaka 2019 Tanga na Dar es Salaam zililemewa na dengi. Nyumba inayokuna nazi kila siku iviweke vifuu kwenye gunia kavu, ni kuni nzuri.

Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kikichafuka kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida, bila klorini, na kikauke kivulini, kwani jua kali huharibu dawa yake.

Saba: ukiugua

Kuharisha kwanza. Kinachoua ni kupungukiwa maji, na dawa yake unaweza kuitengeneza uani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Koroga, onja. Ikiwa chumvi inazidi ya machozi, mwaga uanze upya. Kunywa kidogo kidogo baada ya kila choo, na usiache kula. Yasiyokwisha kwa saa 24 yamwage. Pakiti za dawa hiyo zipo duka la dawa, weka mbili tatu ndani. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa zahanati, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Homa: pima kabla ya kumeza. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Ukikutwa nayo, dawa ya mseto ni siku tatu kamili, inywe pamoja na chakula chenye mafuta, na usiiache siku ya pili kwa sababu umepata nafuu. Usipokutwa nayo na mwili unavunjika, macho yanauma kwa nyuma, tumia parasetamo pekee. Aspirini na diklofenaki huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengi.

Ukiungua kwa maji ya moto au jiko, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka dakika ishirini. Dawa ya meno, mafuta na unga visiguse. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili ukitazama saa, kisha nenda ukachomwe chanjo siku ileile, hata mbwa akiwa wa jirani na hata jeraha likiwa dogo.

Usisubiri kukuche ukiona choo kinatoka kama maji ya mchele, mgonjwa anatapika kila anachokunywa, macho yameingia ndani, mkojo umekatika, amechanganyikiwa, ana degedege au anapumua kwa shida. Hospitali ya Bombo inapokea wagonjwa wa dharura usiku. Hifadhi namba ya bajaji au bodaboda unayemwamini, na ya jirani mmoja ndani ya nyumba, kabla hujazihitaji. Njiani endelea kumpa maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko, mradi ana fahamu na anaweza kumeza.